Wine iligoma kurudi, aptitude ndo imenitoa

Wakuu, nina Ubuntu 22.04 (Linux) kwenye laptop ya zamani, Wine, ile ya kuendeshea programu za Windows kwenye Linux, naiweka kwa ajili ya programu moja tu ya stoo ya dukani, ya biti 32. Juzi ikaanza kuzingua nikasema ngoja niitoe niirudishe, dakika tano tu. Kutoka ilitoka fasta, kurudi sasa! Apt, komandi ya Ubuntu ya kuinstoli pakeji (programu na vipande vyake), inasema wine32 inategemea libwine ambayo haitainstoliwa, mara eti nina pakeji mbovu zilizoshikiliwa. Nacheki zilizoshikiliwa kwa `apt-mark showhold`, tupu. `apt -f install`, haioni cha kurekebisha. Usiku mzima narudia komandi zilezile na bando linaliwa.

Nilipoachana na wine nikaanza kuomba kile inacholalamikia, kimoja kimoja, mambo yakafunguka. libwine:i386 (i386 ndo biti 32) ikanirusha kwa libgphoto2-6:i386, nayo ikanirusha kwa libgd3:i386. Kupiga `apt policy libgd3`, inayoonyesha matoleo na yalikotoka, nikajicheka mwenyewe, maana libgd3 yangu ilitoka kwenye ripo (ghala la pakeji) ya nje niliyoichomeka zamani nikitafuta PHP mpya, ile lugha ya kutengenezea tovuti, halafu nikaisahau, toleo lake la biti 64 liko juu na la biti 32 kule halipo kabisa, lililopo ni la Ubuntu ambalo liko chini, na maktaba (kipande ambacho programu nyingine hukitegemea) kama hii ukiiweka kwa biti 64 na 32 pamoja matoleo lazima yawe sawasawa, hata tofauti ndogo apt haipokei. Nikaitoa ripo nikidhani nimemaliza, kumbe pakeji iliyoshaingia inabaki na toleo lake vilevile.

Hapo ndo nikajaribu aptitude, kiinstola kingine kama apt ila pakeji zikigongana kinakupa mapendekezo ya kutatua, haiji na Ubuntu, unaiweka mwenyewe. `sudo aptitude install wine32:i386`. Pendekezo la kwanza lilikuwa la kipuuzi, eti tusiinstoli wine (asante sana!), nikabonyeza n, la pili likasema ishushe libgd3 irudi toleo la Ubuntu. Nikabonyeza Y, ikapita.

Naipa nyota 4 kwa 5. Moja nimeikata kwa sababu pendekezo lingine linaweza kuwa la kufuta pakeji kibao, ukibonyeza Y bila kusoma ile listi unaweza ukawasha mashine kesho ukakuta skrini nyeusi. Apt bado naitumia kila siku, aptitude naiita pakeji zikishikana. Stoo inafunguka, ila printa ndo bado inanisumbua.