Disk Detective: Kusaka Mifumo Mipya ya Sayari kwa Macho Mawili

Zooniverse ndilo jukwaa lililowafikishia watu wa kawaida picha za wanyama wa Serengeti wazitambue. Kwa anayetaka kuwasaidia wanaastronomia, mradi wake tunaoupendekeza kwanza ni Disk Detective, ulioanzishwa na NASA Januari 2014. Hausaki sayari zenyewe. Unasaka diski za vumbi zinazozizunguka nyota: kwa nyota changa humo ndimo sayari huundwa, na kwa zilizokomaa vumbi hutokana na miamba inayogongana.

Vumbi likipashwa joto na nyota hutoa mionzi ya infraredi, isiyoonekana kwa macho. WISE, darubini ya NASA iliyorushwa angani Desemba 2009, ilipiga picha anga lote hadi mawimbi ya infraredi yenye urefu wa maikroni 22 (maikroni ni sehemu ya elfu moja ya milimita), na nyota inayong'aa kupita kiasi hapo hushukiwa kuwa na diski. Lakini kioo cha WISE kina upana wa sentimita 40 tu. Katika maikroni 22, vitu viwili vilivyoachana kwa chini ya sehemu ya 150 ya upana wa Mwezi huonekana doa moja. Galaksi ya mbali au nyota jirani ikiingia humo, programu ya kompyuta hudanganyika. Ndiyo maana watu wanahitajika.

Fungua akaunti kabla ya kuanza. Si lazima, ila bila hiyo kazi yako haitaandikwa kwa jina lako. Utaonyeshwa picha za kitu kimoja zikifuatana, kutoka mwanga wa kawaida hadi infraredi, zikiwa na duara jekundu na msalaba katikati. Zipitishe zote, kisha zirudie polepole. Je, kuna zaidi ya kitu kimoja ndani ya duara? Kimevuka duara katika picha za WISE? Ni cha mviringo kweli, au kimerefuka kama galaksi? Duara limebaki tupu? La kuchunguza zaidi ni doa kuhama kutoka msalabani kadiri infraredi inavyozidi, kwa sababu hapo joto linatoka kwa kitu kingine kabisa. Lisipoonekana lolote kati ya hayo, bofya kwamba kinafaa.

Wageni hukosea sana kwenye nyota angavu. Miale minne inayochomoza kama msalaba husababishwa na darubini, wala si umbo la nyota. Vilevile doa la WISE huwa nene kila mara. Usilikatae mpaka livuke duara. Tumia kompyuta ukiweza, maana kwenye kioo cha simu nyota mbili zilizobanana hupotea kirahisi.

Upungufu unaotuudhi: ukishabofya, huambiwi kama umepatia. Na picha nyingi ni za kukataliwa, jambo linalowachosha watu mapema. Kukataa ni kazi kamili, na kila kitu hukaguliwa na watu kadhaa, hivyo kosa moja haliharibu matokeo.

Matokeo ni ya kweli. Mwaka 2016 ilitangazwa diski kwenye nyota kibete nyekundu (nyota ndogo yenye mwanga hafifu) ya umri wa takriban miaka milioni 45, ilhali diski za aina hiyo zilitarajiwa kutoweka mapema zaidi. Leo kundi hilo huitwa diski za Peter Pan, kwa jina la mvulana wa hadithi asiyekua. Mwaka 2020 ikafuata W1200-7845, kibete kahawia (kitu kikubwa kuliko sayari lakini kidogo mno kuwa nyota kamili) chenye diski, kilichopo umbali wa miaka ya nuru 330 hivi. Wanaojitolea wameandikwa kama waandishi wenza wa makala za kisayansi. Wenye uzoefu huingia kikundi cha juu, ambako hutafuta kila mgombea, yaani kitu kinachoshukiwa kuwa na diski, kwenye hifadhidata za astronomia za SIMBAD na VizieR kuona kama tayari anajulikana kuwa galaksi, na yuko umbali gani.