Sinthesaiza ipi kwa anayeanza: DX7 au Minilogue?

Hata uwe bingwa wa kinanda cha taarabu, sinthesaiza itakutoa jasho: hapa sauti yenyewe waiunda kutoka mwanzo. Yamaha DX7 ya 1983 ina opereta 6 (vizalisha mawimbi ya sauti) na njia 32 za kuziunganisha, zote zimejificha nyuma ya vitufe na skrini ndogo. Jioni nzima pale Kibokoni nilitafuta mlio wa kengele, nikapata wa sufuria. Korg Minilogue ya 2016 hutoa noti 4 tu kwa wakati mmoja, lakini karibu kila nobu (kitufe cha kuzungusha) ina kazi yake. Punguza ile ya chujio, linalokata sauti za juu, sauti yafifia kama redio iliyofunikwa mto, na wimbi waliona likibadilika kwenye skrini. Anza na hii. DX7 ingoje, ingawa kengele zake, ukizipata, ni tamu kweli.