Katauti ya kuiga ya RB108 kwa Massey 135

Katauti hizi, yaani boksi la kudhibiti chaji ya dainamo, za maduka ya spea ya Mbeya na Mafinga zinafaa kwa trekta la Massey Ferguson 135 yenye dainamo ya Lucas, ila hazisamehe fundi wa haraka. Kifuniko ni chepesi, na vibati vya kuchomekea waya hulegea upesi; vibane kidogo kwa plaizi. Koili si mbaya kwa bei yake.

Kwanza pima dainamo. Ng'oa waya za D na F, unganisha miguu hiyo miwili, weka mita kati yake na bodi, ongeza mafuta taratibu. Volti zikipanda upesi bila kuyumba, dainamo ni nzima. Usizipeleke zaidi ya 20. Zikigoma kwenye 1, shuku koili za fildi, zile zisizozunguka. Zikigoma kwenye 4 au 5, shuku amecha, ile inayozunguka. Hapo katauti mpya ni kutupa hela.

Kwenye kufunga fuata herufi, usifuate waya wa zamani ulikaa wapi. D ni mguu mkubwa wa dainamo, F mdogo, WL taa ya chaji, B betri, E bodi. D na B zitake waya wa milimita za mraba 4. Kama boksi lililotoka ni RB106, waya za A na A1 zote zinaingia B.

E ndiyo inayoua nyingi. Boliti iliyokaa juu ya rangi na kutu si athi, yaani haiungi umeme na bodi. E ikikosekana, koili ya volti haifanyi kazi kabisa: platini (vibati vya kugusana ndani ya katauti) hazifunguki, dainamo inazalisha bila kizuizi, taa ya chaji inazidi kuwaka kadiri unavyoongeza mafuta, na betri haipati kitu. Vuta waya wa peke yake kutoka E hadi bodi ya dainamo, sehemu iliyopigwa msasa.

Umebadili upande wa betri unaokwenda athi, au dainamo imelala muda mrefu? Ng'oa waya wa F, gusisha moto wa betri kwenye mguu wa F wa dainamo kwa sekunde moja tu. Ukiruka hatua hii, platini za katauti zinaweza kugandana.

Betri ikishajaa, mita isome 14 hadi 14.5, ikivuka 15, maji yatachemka.

Soma pia ampea. Boksi la 22 kwenye dainamo ya 11 litaikaanga dainamo hiyo pale betri ikiwa tupu. Na anayevuna mpunga usiku Mbarali kwa taa mbili za wati 55, ambazo peke yake zinakula ampea 9, anunue oltaneta.