Muvi za 1994: nimezirudia zote, hukumu yangu hii hapa

Mbukwenyi! Mambo vipi watu wangu, karibuni tena, leo niko hapa hapa Area C, hizo kelele mnazosikia ni bodaboda, mtanisamehe, nikifunga dirisha nakufa na joto. Leo hatuchambui simu wala sabufa. Kuna mtu kaniuliza kwenye komenti, kaka, mwaka gani ulikuwa mkali kwa muvi? Nikamjibu hapo hapo 1994, akabisha. Basi nikaenda kwa jamaa anayejaza muvi kwenye flashi, nikamwambia nijazie za tisini na nne zote ulizonazo, nimeangalia mpaka macho yamekuwa mekundu utadhani nimepigwa na vumbi la mwezi wa nane.

Ila kwanza tuelewane. Mwaka wenyewe huo sisi hatukuona kitu. Huku bara televisheni ndo kwanza inaanza, ITV imeanza kurusha 1994 hiyo hiyo tena Dar, sie wa Dodoma muvi tulikuwa tunaletewa kwa mkanda, umekuja na basi, umeshapita kwenye deki za watu kibao, picha inanyesha mvua mwanzo mwisho. Mimi hizi nimeziona 96, 97 huko, banda la video Majengo, shilingi hamsini, mnabanana kwenye mabenchi. Na sheria ya banda mnaijua, steringi hafi.

Speed sasa. Bomu limetegwa kwenye basi la abiria Los Angeles, basi likishavuka maili 50 kwa saa halitakiwi kushuka chini ya hapo, likishuka tu linalipuka. Maili 50 ni kama kilomita 80. Sasa wewe mtu wa Dodoma hebu fikiria, huku kwetu basi mwisho wake ndo 80 hiyo hiyo, dereva akizidisha kile kidude cha LATRA, wale wasimamizi wa usafiri, kinaanza kulia humo ndani, na trafiki yuko Gairo na tochi yake ya kupimia mwendo anakusubiri. Yani Keanu Reeves, steringi wa humo, angekuwa anatoka Dodoma kwenda Moro, akipunguza analipuka, akiongeza anaandikiwa elfu thelathini! Nimecheka peke yangu. Lakini ile sehemu barabara haijaisha kujengwa na basi linaruka, hapo sicheki, bado moyo unadunda vile vile. Ilichukua Oscar mbili, zote za mambo ya sauti, na mimi sauti yenyewe nimeisikia vizuri juzi kwa hedifoni maana bandani spika ilikuwa moja na imepasuka. Tisa kwa kumi.

Pulp Fiction nayo. Hii ilishinda tuzo kubwa kule Cannes, kwenye tamasha la muvi la Ufaransa, wazungu wanaisoma mpaka vyuoni, ila Majengo ilileta ugomvi. Kama hujaiona ruka dakika moja mbele maana namwaga mchele. John Travolta anapigwa risasi katikati ya muvi, kafa, kafa kabisa, chooni. Banda kimya, steringi kafa vipi? Mara huyu hapa tena, mzima wa afya, anakunywa chai mgahawani na Samuel L. Jackson. Wee! Watu wakaanza, mwenye banda umechanganya mikanda, rudisha hela zetu! Yule mzee masikini akautoa mkanda, akaupuliza, akaurudisha, Travolta bado anakula. Kumbe Quentin Tarantino, mwongozaji wake, kapanga stori makusudi isiende kwa mfuatano, mwisho kauweka kati na kati kaipeleka mwisho. Nimeelewa ukubwani, na nikwambie ukiirudia mara ya pili ndo unaona jamaa alivyo fundi, maneno tu ya kawaida ya watu wawili kwenye gari yanakushika kuliko bunduki. Ila matusi na damu ni nyingi, usiweke watoto wakiwepo, mimi nimeiangalia saa sita usiku.

Ya watoto ni The Lion King, na hapa nina neno. Simba anaitwa Simba, nyani anaitwa Rafiki, fisi anaitwa Shenzi, ngiri ni Pumbaa, na kweli kapumbaa. Yani mtoto wa huku akiangalia utani anaupata wote bure, Mmarekani mpaka aelezwe. Ule wimbo wa ufunguzi lakini ni Kizulu, msije mkabishana. Sasa hakuna matata, nani Dodoma anasema hakuna matata? Sisi tunasema hamna shida, ile ni ya watalii. Halafu Disney mwaka ule ule wakapeleka maombi ya kuyasajili hayo maneno kama alama yao ya biashara, ya kuweka kwenye nguo, na wakaja wakapewa. Maneno ya bibi yangu! Muvi nzuri, nyimbo za Elton John ziko vizuri, baba yake Simba anapokufa nimelia tena na umri huu, lakini hilo la fulana limenikaa kooni.

Drunken Master II, Jackie Chan anatambaa juu ya makaa ya moto ya ukweli, sina la kuongeza, kumi. Ile ya Kihindi ya Salman Khan na Madhuri Dixit, Hum Aapke Hain Koun, nimeangalia na mama, zaidi ya saa tatu, nyimbo 14, mama anaimba zote na Kihindi hajui hata neno moja.

Tumalizie. Forrest Gump ndo ilibeba Oscar sita ikiwemo ya muvi bora, Tom Hanks kacheza sana sibishi, ila kuna sehemu inavuta. The Shawshank Redemption urefu ni ule ule, dakika 142 zote mbili, na hii hata saa sikuangalia. Ni jela tu na wafungwa wawili, Tim Robbins na Morgan Freeman, na miaka inapita. Ilitajwa kwenye Oscar saba ikatoka mikono mitupu, imetengenezwa kwa dola milioni 25, kwenye majumba ya sinema kule Marekani mzunguko wa kwanza ikaingiza kama 16, yani hasara. Iliyokuja kuiokoa ni mikanda. Watu wakaikodi wakaangalia nyumbani, wakaambiana, na leo ukiuliza muvi bora ya muda wote wengi wanakutajia hiyo. Mkanda jamani, kama sisi! Kwangu ndo namba moja ya mwaka.

Tena Majengo ililetwa. Tulikuwa watu kama wanane, hamna ngumi, hamna gari kulipuka, dakika ya hamsini hivi mwenye banda akaona wateja wanasinzia, akachomoa akaweka Jackie Chan. Mwisho wake nimekuja kuuona mtu mzima nina ndevu. Mzee wangu, kama bado uko Majengo na hii video imekufikia, nakudai saa moja na nusu.