TAHADHARI: Betri za vepu zilizovalishwa nailoni mpya, na fundi wa "chaji sistimu" Kariakoo

Kama umenunua betri za 18650 za vepu (sigara ya umeme) kwa yule muuzaji wa Instagram anayetuma mzigo kwa bodaboda kutoka Kariakoo, zile za nailoni ya zambarau zilizoandikwa 9900mAh (kiasi cha chaji inachobeba) na 40A (ampea inazoweza kutoa), usiziweke kwenye chaja leo. Na kama ulimpelekea vepu yako akakubadilishia "chaji sistimu", yaani bodi ya kuchajia, kichomoe hicho kifaa, usilale nacho kitandani, halafu soma mpaka mwisho.

Mimi ni fundi wa vifaa vidogo vya umeme: tochi, spika, powerbank, na siku hizi vepu nyingi sana. Habari ya nikotini na mapafu wenye taaluma yao wanaisema vizuri kuliko mimi. Ninachokijua ni betri na waya, na ninachokiona kikitoka kwa huyu mtu kitamuunguza mtu usoni au kwenye paja.

Jina la duka siliandiki, kwa sababu akaunti inabadilishwa jina kila malalamiko yakizidi. La leo litakuwa limefutwa kabla hujalitafuta. Mjue kwa kazi yake.

Kwanza hizo betri. Namba 18650 ni kipimo cha umbo: upana milimita 18, urefu milimita 65. Ndani ya umbo hilo hakuna kampuni iliyowahi kuingiza 9900mAh. Nyingi za zile nzuri za makampuni makubwa zinaishia kwenye 3500 au 3600, na zile zinazotengenezwa kutoa moto (umeme) mkubwa kwa wakati mmoja, ambazo ndizo vepu inazihitaji, uwezo wake ni mdogo zaidi. Samsung 25R ni 2500mAh na ampea 20. LG HG2 ni 3000mAh na ampea 20. Molicel P26A ni 2600mAh na ampea 35. Ukiona namba inakaribia 10000 kwenye betri ya umbo hilo, usihangaike kupima, umeshajibiwa.

Hata hivyo nimezipima. Betri halisi ya 18650 ina uzito wa gramu 43 hadi 49 hivi. Moja ya hizi za zambarau kwenye mizani ya dukani ilisoma gramu 31. Nilipoichaji na kuitoa moto taratibu kwenye kipimio, haikufika hata 900mAh. Wapo mafundi waliowahi kupasua za aina hiyo wakakuta ndani kijibetri kidogo na unga wa kujazia nafasi. Wewe usipasue, ukipiga shoti ndani ya kopo lake la chuma itakuwakia mkononi.

Zipo pia nzito, na hizo ndizo zinazodanganya hata watu wanaojua. Nilichana nailoni ya moja mbele ya mteja. Chini ya zambarau kulikuwa na nailoni nyingine, ya kijani iliyopauka, maandishi yake yamekwanguliwa kwa wembe. Kwenye kitako cha betri kulikuwa na vidoti vya kuchomelea, viwili viwili, na mabaki ya kibati cha nikeli yaliyosuguliwa kwa msasa mpaka yakang'aa. Hiyo betri ilitolewa kwenye laptop iliyokufa. Imechaguliwa ile yenye nafuu kidogo, ikavalishwa nailoni inayoshikana kwa joto, ikauzwa elfu 35 kwa pea kama mpya.

Betri ya laptop si mbaya kwa kazi yake. Imetengenezwa kutoa ampea 4 au 5 kwa utaratibu. Sasa chukua vepu ya mekaniki, ile isiyo na bodi ya ulinzi ndani, yenye koili (waya unaopata joto) ya ohm 0.15. Betri ikiwa imejaa volti 4.2, gawanya kwa 0.15: unapata ampea 28. Unaidai betri iliyochoka mara sita ya uwezo wake, huku umeishika karibu na mdomo. Inachemka, gesi inajaa ndani, na kwenye vepu ya mekaniki isiyo na matundu ya kupumulia gesi hiyo itapita popote itakapopata njia. Marekani idara ya zimamoto ya shirikisho ilikusanya matukio ya vepu kulipuka au kuwaka kati ya 2009 na 2016, yakafika 195, na watu 133 waliumia. Tangu hapo kumetokea vifo: mmoja Florida mwaka 2018, mwingine Texas mwaka 2019. Na huko ni rahisi kupata betri halisi. Hapa kwetu huyu anatuuzia za laptop.

Akikuambia "hizi ni Sony orijino, mzigo mpya kabisa", jua kwamba Sony iliuza biashara yake ya betri kwa Murata mwaka 2017. Na jambo ambalo wauzaji hawa hawalisemi kamwe: LG, Samsung na Murata wenyewe wanaonya kwamba betri zao za mojamoja hazikukusudiwa kuuzwa mtu azitumie kwenye vepu. Wanataka ziwe ndani ya pakiti yenye bodi ya ulinzi. Kwa hiyo hata iliyo halisi inahitaji uangalifu, sembuse ya kuokoteza.

Upande wa pili wa biashara yake ndio unaoniuma zaidi, kwa sababu anawakamata watu wenye tatizo dogo.

Dada mmoja alileta kwangu kijivepu cha podi (kichupa cha maji yake kinachochomekwa), chembamba, betri yake ya ndani ni 400mAh. Kilikataa kuingiza chaji, akampelekea huyu jamaa. Akaambiwa: "Dada, chaji sistimu imekufa, naweka mpya, elfu 25." Akalipa kwa simu. Kikarudi kinachaji, taa nyekundu inawaka, ikijaa inakuwa ya bluu. Ila kikiwa kwenye chaja kilikuwa kinachemka mpaka hukishiki.

Nilipokifungua nilikuta bodi ya asili haipo, kaichukua yeye na hakuirudisha. Mahali pake kaweka ile bodi ndogo ya bluu ya kuchajia, TP4056, inayopatikana kila duka la spea. Ni bodi nzuri, naitumia mwenyewe. Lakini inatoka kiwandani imepangwa kuchaji kwa ampea 1, na kinachopanga ni resista (kijispea kinachobana umeme) moja tu yenye maandishi 122, yaani ohm 1200. Kwa betri ya 400mAh unaitoa hiyo unaweka ya 302, ohm 3000, chaji inashuka hadi miliampea 400 hivi. Yeye hakugusa kitu. Kijibetri kile kilikuwa kinasukumiwa moto mara mbili na nusu ya unaostahili, kila siku.

Waya alizotumia zilikuwa za earphone. Nyuzi zile ni nyembamba kama nywele na zimepakwa rangi, risasi ya kulehemu haishiki vizuri mpaka uichome rangi kwanza, naye hakuchoma. Kiungo kilikuwa kinacheza, kafunika yote kwa gundi ya moto. Na alibandika pasi ya kulehemu moja kwa moja kwenye betri. Betri ya lithiamu hailehemiwi hivyo. Ndani kuna utando mwembamba wa plastiki unaotenganisha chanya na hasi, joto la pasi linauharibu. Kinachotakiwa ni mashine ya kuchomelea vibati vya nikeli, inayogusa kwa sehemu ndogo ya sekunde.

Nilimuuliza yule dada tatizo lilianza lini. Akasema tangu anunue simu mpya, maana waya wa zamani aliugawa. Simu mpya ilikuja na waya wenye Type-C pande zote mbili. Hapo ndipo palipokuwa na ugonjwa wote! Vepu nyingi za bei nafuu zina tundu la Type-C lakini kiwanda kimebana matumizi, hakikuweka resista mbili za ohm 5100 zinazoiambia chaja "nipo, niletee moto". Chaja ya C kwa C isipoziona hizo resista kwenye kifaa haitoi kitu. Waya wa kawaida, wenye kichwa kipana cha USB upande wa chaja, unaleta volti 5 bila kuuliza, na kifaa kinachaji. Elfu 25, bodi nzima imetupwa, betri imeungua, na dawa ilikuwa waya wa elfu tatu.

Kwa hiyo kabla hujampelekea mtu yeyote pesa, anza na waya. Tumia ule wenye kichwa kipana, kwenye chaja ya volti 5 ampea 1 au kwenye kompyuta. Kisha angalia tundu kwa tochi: vumbi la mfukoni linajikandamiza humo mpaka plagi haifiki mwisho. Litoe kwa kijiti cha meno cha mbao, kifaa kikiwa kimezimwa, usitumie sindano. Kama ni vepu ya kufungua na betri zinatoka, safisha vituo vya betri kwa pamba na spiriti. Kama ni ile ya peni inayofungwa kwa kuzungusha juu, kile kipini cha katikati mara nyingi kimekandamizwa kwa kukaza sana. Kinyanyue kidogo kwa kijiti, usikaze tena kwa nguvu zote. Kama unatumia betri za kutoa, kagua nailoni. Kopo zima la betri ni hasi, mpaka kwenye mabega yanayozunguka kile kichwa cha chanya, na kinachozuia shoti pale ni nailoni hiyo na kijikaratasi cha duara. Vikichanika hata kidogo, usiitumie.

Haya yote yakishindikana ndiyo uende kwa fundi, na umwambie afungue mbele yako. Akisema "acha hapa, uje jioni", chukua kifaa chako uondoke.

Kuna mchezo mwingine wa kwake nimeushuhudia kwa macho: "kuibusti". Vepu ikikaa miezi bila chaji, betri inashuka chini kabisa, bodi ya ulinzi inakata na kukataa kuchaji. Imefanya kazi yake. Yeye anaunga adapta ya volti 12 moja kwa moja kwenye betri kwa sekunde chache mpaka iamke. Inaamka kweli, na mteja anafurahi. Lakini lithiamu iliyokaa chini ya volti 2 kwa muda mrefu, shaba ya ndani inakuwa imeanza kuyeyuka, na ukiichaji tena shaba hiyo inaganda mahali pasipotakiwa na kutengeneza shoti ndani kwa ndani. Inaweza kukaa wiki salama kisha ikawaka usiku ikiwa kwenye chaja. Betri ya namna hiyo inabadilishwa, haiamshwi.

Na taa isikudanganye. Kila ukimlalamikia anakutumia video ya taa ya bluu: "Si unaona bosi, imejaa." Taa ile inaonyesha bodi ya chaja imeridhika na volti. Haijui betri ilitoka kwenye laptop, wala haioni waya ulio chini ya gundi.

Waliokwisha kununua: zitoe kwenye kifaa, ziba ncha zote mbili kwa tepu ya umeme, ziweke kwenye kopo la bati au chungu chenye mchanga, mbali na mapazia na godoro. Usiziweke mfukoni pamoja na funguo au sarafu, hiyo ni shoti ya hakika. Usitupe kwenye taka za kawaida, lori likizikandamiza zinawasha moto. Ikianza kuvimba, kunukia kama rangi ya kucha au kuzomea, usiisogelee usoni kuiangalia. Ondoa watu, mwagia maji mengi ya kupoza ukiwa mbali, piga 114 zimamoto.

Kuhusu pesa yako, usimpigie kugombana naye, atakufungia namba. Hifadhi kwanza picha za tangazo lake, ujumbe wote na ule wa muamala, kabla hajafuta. Halafu zipeleke pamoja na betri yenyewe Tume ya Ushindani, ndiyo inayoshughulika na bidhaa bandia nchini. Kuandika Samsung au Sony juu ya betri ya kuokoteza ni bidhaa bandia kamili, haihitaji mjadala. Nailoni usiichane wewe nyumbani. Iache ilivyo ichanwe mbele yao, kwa sababu ile ya kijani iliyo chini ndiyo ushahidi.