Kompyuta kwenye betri bila invata: kifaa nakisifu, waya wa duka siusifu

Mie kazi yangu ni kadi za harusi. Natengeneza nyumbani Kibokoni, Mombasa, chumba cha ghorofani, na wateja wangu ni wa dakika za mwisho: harusi Ijumaa, ukumbi unabadilishwa Jumanne usiku. Stima ikipotea hapo, sina la kumwambia mama wa biarusi.

Miaka miwili nilitumia invata, kile kifaa cha kugeuza umeme wa betri uwe kama wa ukutani, na betri ya asidi ya ampea-saa 100 (Ah 100). Ilinisaidia, ila hesabu yake ilikuwa inanikera. Betri ni volti 12. Invata inazipandisha mpaka 240, kisha pawasaplai, lile kasha linaloigawia kompyuta umeme, inazishusha tena ziwe 12, 5 na 3.3. Safari yote hiyo ya nini? Kila kituo kinakula chake, na feni ya invata inavuma usiku kucha kama nyuki mtungini.

Nikaenda duka moja la vifaa vya sola, Mwembe Tayari. Kijana wa kaunta akanitolea kibao kidogo, hakijai kiganja, kinachochomekwa kwenye soketi ya pini 24 mahali pa pawasaplai. Nikataka kuchukua cha bei rahisi, akanizuia. "Hicho kinapitisha volti 12 kama zilivyo, mama. Betri ikiwa kwenye chaja inafika 14 na kitu, na zote zitaingia kwenye diski yako." Nikachukua cha pili, kinachopokea volti 6 hadi 30 na kutoa 12 zilizotulia. Shilingi 6,500. Skrini yangu nayo inatumia volti 12, kwa hivyo akaniongezea kidhibiti cha volti kwa ajili yake. Kijana yule anajua kazi.

Fundi waliyemtuma nyumbani ndiye aliyevuruga. Betri naiweka roshani, maana betri ya asidi ikichajiwa hutoa gesi inayoshika moto, na kutoka hapo hadi mezani ni mita 4. Yeye akaja na waya mwembamba mwekundu na mweusi, ule wa spika. Nikamuuliza fyuzi iko wapi. "Haina neno, mama." Ina neno! Betri ile ikipigwa shoti inaweza kuuyeyusha waya huo na kuchoma pazia.

Siku ya pili nafungua kadi yenye maua ya dhahabu, faili zito, kompyuta ikazima pap. Nikawasha, ikazima tena. Nikachukua mita. Kwenye betri 12.2, kule mwisho wa waya sindano ikashuka hadi 10.9, kibao kikakata. Kimewekwa kijizime chini ya 11 ili betri isikaushwe, kwa hivyo chenyewe hakina kosa. Wati 80 za faili zito kama lile, kwenye volti 240 ni thuluthi ya ampea tu, lakini kwenye volti 12 ni karibu ampea 7, na waya wa spika hauzibebi mita 4 kwenda na 4 kurudi bila kuzipoteza njiani.

Nilipowapigia simu wakaniambia nipunguze mwangaza wa skrini. Nilicheka, wallahi. Nikanunua mwenyewe waya wa milimita 6 za mraba, nikafunga fyuzi ya ampea 15 shubiri moja kutoka kwenye betri, na vichwa vya betri nikavipaka grisi, maana kwa upepo huu wa chumvi vinaota ukijani kabla mwezi haujaisha. Sasa mwisho wa waya nasoma 12.0.

Na hapo ndipo raha ilipo. Kwa kazi ileile ya kawaida, invata ilikuwa inavuta karibu ampea 8 kutoka kwenye betri, sasa ni 5 na ushei. Mie siishushi betri chini ya nusu, na bado juzi nilianza baada ya Isha nikafika adhana ya alfajiri bila stima. Stima iliporudi, chaja ikaendelea kimya kimya, kompyuta haikushtuka hata kidogo. Chumba kimya, nasikia paka wa jirani tu.

Kifaa nyota tano. Duka tatu, zote za kijana wa kaunta. Pesa ya ule waya wa spika bado nawadai. Printa ya leza nimeiacha kwenye stima, ikipasha moto inavuta wati mamia. Kadi nazichapa stima ikiwepo.