Makabaila wa Uswidi na wa Norwe: farasi au neno la mfalme?

Walikuwa majirani, lakini ukabaila haukupatikana kwa njia moja.

Norwe, cheo kilitoka mkononi mwa mfalme. Mkubwa alikuwa mtu wa hird, kundi la watumishi walioapa kumtii. Mwaka 1277 mfalme Magnus Lagabøte aliwapa vyeo vya mtindo wa Ulaya: lendmann, mkubwa aliyepewa ardhi na mfalme, akawa baroni; skutilsvein, mtumishi wa mezani pa mfalme, akawa ridder, yaani shujaa wa farasi. Miaka 31 baadaye mwanawe, Håkon V, aliamuru cheo cha baroni kisitolewe tena. Kilitolewa kwa neno, kikaondolewa kwa neno. Kisha tauni ya 1349 ikaua wapangaji wa mashamba, na mapato ya wenye ardhi yakaporomoka.

Uswidi, kilichohesabiwa ni farasi. Kwa amri ya Alsnö, takriban mwaka 1280, aliyemtumikia mfalme vitani kwa farasi na silaha zake alisamehewa kodi. Hata mkulima tajiri angeweza kuingia katika ukabaila kwa njia hiyo, mradi amudu gharama ya farasi wa vita, nayo haikuwa ndogo.

Kwangu mimi, msingi wa Uswidi ndio uliokuwa imara zaidi. Mtazame kabaila Bo Jonsson Grip, aliyefariki 1386 akiwa ameshika ardhi na ngome nyingi mno, pamoja na sehemu kubwa ya Ufini. Makabaila wenzake walimleta Albrecht wa Mecklenburg, Mjerumani, kutawala. Alipowachosha, wakamgeukia Margrete, mtawala wa Denmark na Norwe, na mwaka 1389 Albrecht akashindwa vitani na kutekwa.